Niletee Waifai ya Ashu, 5G Mtabaki Nayo

Kuna time hii Kenya ilikuwa na intaneti ya mabaluni, na sikuchochi. July 2020, wakati korona ilikuwa imefungia kila msee kejani, Telkom Kenya walishikana na Loon, kampuni ya familia ya Google, wakawasha network yenye minara yake inaelea juu ya mawingu. Mabaluni kama 35, kila moja size ya uwanja wa tenisi, kilomita 20 juu, zikila jua mchana na kusukumwa na upepo. Dere hakuna. Baluni ikitaka kuenda upande flani inapanda ama inashuka mpaka ipate upepo unaelekea huko, inadandia. Zilikuwa zinarushwa Marekani na Puerto Rico, zinavuka bahari zenyewe, zinakam kuzunguka juu ya Iten, Baringo, Nakuru, Kisumu, Kisii na Narok. Kilomita mraba elfu 50.

Manze hio kitu ilikuwa moto. Kenya ndo ilikuwa ya kwanza kuzitumia kibiashara, na kila gazeti majuu ikaandika. Halafu January 2021 boss wa Loon akasema wanafunga duka: gharama ilikataa kushuka. Kufika March, service ya huku ikazimwa. Miezi nane hivi, kwisha.

Watu waliomboleza teknolojia, lakini kuna swali sikuskia wengi wakiuliza. Msee wa Baringo, hata baluni ikiwa juu ya kichwa yake, angeishika na nini? Ile signal ilikuwa ya 4G. Ulihitaji simu ya 4G na laini ya Telkom ndani. Na sensa ya 2019, mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa imeonyesha wenye wako na simu, ya aina yoyote, ni 47.3% ya Wakenya wa miaka 3 kuenda juu. Wenye walikuwa wanatumia intaneti ni 22.6%. So wajuaji wa California walikuwa wameseti mtandao wa angani juu ya watu wenye wengi wao wako na mulika mwizi mfukoni, ama mfuko mtupu.

Na sisi wa Nairobi tusicheke sana, juu hii ugonjwa tunaijua. Ni ugonjwa wa nganya. Nganya mpya ikitoka garage, iwe ya Rongai ama ya Umoja, wasee wako radhi kusimama stage nusu saa wakilenga mat zingine. Grafiti kali, skrini kila mahali, subufa inatingisha mbavu, konda anajiachilia mlangoni. Fare iko juu na unalipa ukismile. Lakini umewahi ona nganya ikiingia ile barabara ya matope nyuma ya soko? Nganya ni ya rodi ya lami. Inakushukisha stage na picha poa ya kupost, halafu from hapo hadi keja unajijua.

5G ya Kenya ndo hio. Safaricom walianza kuijaribu March 2021, Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, wakaifungulia biashara October 2022. Airtel wakafuata July 2023. Matangazo kila kona, spidi za kushangaza, msee anadanlodi muvi kabla chai ipoe. Na sisemi ni uongo. Ukiwa na simu yake na uko karibu na mnara, hio kitu inatembea. Hata kuna mitaa faiba haijafika na rauta ya 5G imesaidia watu, hapo nawapa heshima. Shida ni venye mawimbi yenyewe yameumbwa. Masafa ya juu, hayo yanabeba spidi kubwa, huchoka haraka, na ukuta wa mawe unayapiga breki. Masafa ya chini hubeba data kidogo lakini yanaenda mbali, mnara mmoja unaweza kugusa vijiji kadhaa. So kampuni ikitaka kurudisha doo yake itapanda mnara wa 5G penye watu wamebanana na wako na ganji. Turkana haimo kwa hio hesabu, na hakuna mtu wa kulaumiwa hapo, ni fizikia na biashara zimekubaliana.

Sasa shika hii namba, juu ndo inanikeshesha. GSMA, ile muungano ya kampuni za simu duniani, walihesabu Afrika kusini mwa Sahara mwaka wa 2023. Watu 27% walikuwa wanatumia intaneti ya simu. 13% hawana network kabisa, hao mnara haujawafikia. Hao wengine 60%? Wanaishi chini ya mnara. Signal inawapita kichwani kila siku, inapenya kwa mabati, inapita kwa sufuria, na hawaitumii.

Soma tena hio. Kati ya kila watu kumi, sita wako kwa stage, mat imesimama, mlango uko wazi, na hawapandi. Ukiwaletea mat ingine yenye spidi zaidi utakuwa umesaidia nani? Wenye wako ndani tayari.

Mbona hawapandi? Uliza mtu yeyote wa mtaa, hatahitaji kusoma ripoti. Simu ni ghali. Bando inaisha. Stima ya kuchaji ni ya kulipia kwa kinyozi. Na kuna shosho ako na simu poa ya grandson wake lakini hakuna mtu amewahi keti chini amwonyeshe, na kila kitu iko kwa Kizungu.

Tuanze na bando, juu hapo ndo vijana wenzangu wanaumia. Sisi tunajua data kwa masaa, si kwa mwezi. Ile bando maarufu ya 1GB, lisaa limoja, kwa mbao ikipungua bob moja, imefunza kizazi mzima kuishi kwa mbio. Unanunua saa tatu usiku, unaweka simu ya pili hotspoti, beshte anaunganisha, mnadanlodi kila kitu mtahitaji wiki nzima, na dakika ya 58 mnapigia kelele asilimia za mwisho. Wengine wakaseti YouTube 144p, ile ya kuona mchezaji ni kivuli na mpira ni imani. Opera Mini iko kwa simu ya kila mtu nimekulia naye, juu inafinya kurasa ndo zikule data kidogo. Hakuna hata mmoja wa hao alikuwa analilia spidi. Alikuwa analilia muda.

Na gava iko ndani ya hio bando. Tangu July 2023 ushuru wa bidhaa kwa data ni 15%, umeshushwa kutoka 20%, halafu juu yake kuna VAT ya 16%. Piga hesabu: ukinunua data ya soo, karibu mbao na ngovo inaenda kwa serkali kabla hujafungua WhatsApp. Simu za kutoka nje nazo ziliongezewa ushuru wa 10% mwaka wa 2022. Ni ile serkali ile ile inakuambia HELB iko onlaini, KUCCPS iko onlaini, KRA iko onlaini, cheti cha kuzaliwa ingia eCitizen. Imehamisha ofisi zote ikazipeleka gorofa ya juu, halafu ikaweka mtu wa kukusanya doo kwa ngazi. Ndo maana saiba hazijawahi kufa mtaani. Watu walisema simu zitazimaliza, lakini kila June mwishoni zinajaa wasee wa kufaili ritani, na kuna mwenye anafaili ziro kila mwaka na bado analipa mtu wa saiba soo kumsaidia.

Kwa upande wa simu walau kuna kitu ilifanywa. October 2023, kiwanda cha Athi River, EADAK, kilitoa simu za 4G zimeunganishwa huku huku: Neon Smarta, KSh 7,499, na Neon Ultra, KSh 8,999. Hakuna mtu alipost selfi nayo. Kamera ni ya kusema tu uko. Lakini hio ndo simu naweza ona mathe wa mboga akinunua kwa chama, na simu ya 5G ilikuwa ghali kuliko hapo. Kama ningekuwa na kura kwa boardroom, doo ya kuweka bango moja la 5G kwa Thika Road ningeipeleka hapo, nikope watu simu walipe polepole.

Lakini wenye walifanya kazi kali kushinda wote hawana bango. Ni wale majamaa wa waifai ya mtaa.

Ukitembea Kayole saii, inua macho. Kati ya nguo zimeanikwa na nyaya za stima utaona waya nyeusi nyembamba zinatoka ploti hii zinaingia ile, na juu ya gorofa ya mwisho kuna antena nyeupe imefungwa kwa chuma. Hapo nyuma kuna kijana. Amechukua laini kubwa ya faiba, ameiingiza kwa rauta ya MikroTik, ameigawa kwa kila flori. Simu yako inaona network haina paswadi. Ukiingia, ukurasa unafunguka: chagua ya ashu, ya mbao, ya siku, ya wiki. Unaweka namba, M-Pesa inakuuliza PIN, umeingia. Bei inabadilika ploti kwa ploti lakini ashu ndo mlango. Ukiwa na ashu unaweza ingia kwa dunia, na hakuna mtu atakuuliza kitambulisho ama payslip.

Na cheki nani anaingia. Dem wa salon ya chini anafungulia klayenti TikTok achague mtindo wa nywele. Boda anacheki ramani ya Ruai kabla atoke. Mathe wa nambari saba anaongea kwa vidio na sistake ako Saudi, anamwonyesha mtoto amemea meno. Usiku wa manane ni wale wasee wa kuandika, lapi imewekwa juu ya jerikani, wanamalizia insha ya mwanafunzi wa Marekani mwenye atapata A na hatawahi kujua Kayole iko wapi. (Hio kazi naijua vizuri kuliko ningependa kukubali hapa.)

Kuna mashida, tusidanganyane. Stima ikipotea na waifai inapotea, na stima hupotea. Saa mbili usiku kila mtu ameingia, kiduara kinazunguka tu. Waya zinakatwa na wezi wanadhani watapata kopa wauze, wanapata kioo. Kuna mitaa hao majamaa wenyewe wanakatiana waya, vita ya ploti. Na wengi hawana leseni. Mamlaka ya Mawasiliano imesema wazi ukiuza intaneti bila leseni unavunja sheria. Ukweli ni kwamba mwaka wa 2021 walitoa utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii, na Kibera kuna wenye walikuwa wameanza mapema, TunapandaNET, wanaunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya paa. Hio njia ipo. Ni vile kijana wa Kayole hajaambiwa ipo, ama ameambiwa na mtu mwenye anataka kitu kidogo.

Kabla ya hao majamaa wa waifai kulikuwa na muvi shop, na bado ziko. Jamaa ako na faiba, kompyuta mzee na madiski. Unaleta flash, unachagua, anakujazia, unalipa kwa muvi moja moja. Hapo ndo DJ Afro alijengea jina, anaongea juu ya filamu za Kihindi na za majuu kwa lugha yetu mpaka unasahau ile ya mwanzo ilisema nini. Hio ni intaneti pia. Imekuja kwa miguu, imebebwa kwa flash, lakini mtu mmoja alidanlodi na mtaa mzima ukaona. Wataalamu wa majuu wangeipatia jina refu na kuiombea pesa.

Sasa Starlink. Ilifika Kenya July 2023, na mi nilikuwa mmoja wa wenye walisema hatimaye, hii ndo itawashikia watu wa mbali. Satelaiti zinapita kila mahali, hazijali kama uko Lodwar ama Lavington. Bei ya dishi ilianza juu sana, ikashuka, ikakuja mpaka ya kukodisha. Na nini ikatokea? November 2024 wakaacha kuchukua wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Nafasi ilikuwa imejaa. Kifaa cha kumalizia watu wa jangwani kilijaza kwanza penye faiba iko kwa kila nguzo, juu hapo ndo wako wenye wanaweza toa hio doo mara moja. Hakuna mtu alipanga hivyo. Doo ndo ilipanga.

Na hata ukiwa na 5G ya nguvu gani, mnara wako unategemea faiba chini ya lami, na hio faiba inategemea waya zimelala baharini. TEAMS na Seacom zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunanunua intaneti ya satelaiti kwa bei ya damu. May 12, 2024, EASSy, waya ingine ya baharini, na Seacom zikakatika kule upande wa Afrika Kusini. Siku hio simu zilikuwa zimeandika 5G pale juu, herufi na namba, na picha moja ya WhatsApp inakaa kwa mshale kama imekatazwa kutoka. Hakuna mwanasiasa hukata utepe wa waya ya akiba. Haionekani, haina rangi.

Kusema ukweli kuna mara moja kitu ya kujionyesha ilituletea kitu ya maana, na lazima niiseme hata kama inanivurugia hoja. Mnakumbuka laptopu za darasa la kwanza, ahadi ya Jubilee ya 2013? Zikageuka kuwa tableti, zikaanza kufika shule 2016, na nyingi zikafungiwa kwa kabati ya hedi. Lakini ili tableti ziwake, ilibidi stima ipelekwe shule za praimo, na ikapelekwa, zaidi ya shule 20,000. Tableti zimeenda na nguzo zimebaki. Kuna mtoto saii anasoma usiku chini ya balbu yenye ilikuja kwa ajili ya kifaa hajawahi kukigusa.

Vijana nao, tukipewa nafasi ya kuchagua wenyewe, tunachagua nini? June 2024, maandamano ya Finance Bill, wasee walikuwa wanapanga kwa TikTok na kwa X, sawa. Lakini ikifika barabarani programu yenye ilipanda ni Zello. Unafinya, unabonga, unaachilia, ka redio koli ya karao. Kazi yake kubwa ni sauti, inavumilia network mbovu, haikuli bando sana. June 25 intaneti ililegea nchi nzima. Katikati ya hio yote hakuna mtu alikuwa anauliza spidi ni ngapi, walikuwa wanauliza inaingia ama haiingii. Na M-Pesa, kumbuka, ilizaliwa March 2007 kwa simu za kabambe, kwa menyu ya simkadi, bila intaneti. Mpaka leo shosho wa ocha anaituma bila kujua G ni nini.

So 2022 hii serkali ikaahidi kitu ya kuchosha, na mi nikaipenda juu ya kuchosha kwake: kilomita 100,000 za faiba, waifai ya bure sehemu 25,000 kama masoko na stage, na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Pia kuna mfuko wa huduma kwa wote, ulianzishwa na sheria ya 2009, kampuni zinachangia 0.5% ya mapato yao, na kazi yake ni kupeleka mawasiliano penye faida haifiki. Hio ndo mat ya barabara ya matope. Haina grafiti.

Uchaguzi ni August 2027 na MCA wako ataanza kuzunguka na fulana kabla ya hapo. Akifika base, mwache aongee 5G, AI, chochote, halafu muulize kitu moja tu: kituo cha kidijitali cha wadi yetu kiko jengo gani, kinafunguliwa saa ngapi, tokeni ya stima hununuliwa na nani? Akisema kitakuja, muulize faiba ya karibu imefika shule gani. Akikuambia umwandikie imeili, mwambie sawa, lakini atoe ashu kwanza.